Pistole ndogo inakukatalia shabaha? Anza na kidole

Bandugu, tangu nirudi Lubumbashi kutoka Johannesburg, kule nilikuwa nafanya kazi ya mlinzi anayebeba silaha, swali linalonifikia mara nyingi ni lile lile: mbona na pistole kubwa napiga vizuri, lakini wakinipa ile ndogo ya kuficha chini ya shati risasi zinaenda chini kushoto, ama zinatawanyika karatasi nzima? Wengi hapo wanalaumu silaha, wanatafuta pesa ya kununua ingine. Acha hiyo pesa kwanza. Mara nyingi pistole iko sawa kabisa, shida iko kwa kidole na kwa namna unaishika.

Hii naandika kwa mtu mwenye karatasi zake. Kwetu Kongo silaha inasimamiwa na ordonansi-sheria ya 1985, Afrika Kusini wako na sheria yao ya 2000, na kule hupewi leseni bila kufundishwa na kupata cheti kwamba unaweza kushika silaha. Kama huna ruhusa, usiguse, hata ya shemeji.

Sasa tuone juu ya nini ndogo ni ngumu. Chukua Glock 17, kutoka mwanya wa kulengea wa nyuma mpaka kinundu cha kulengea cha mbele ni milimita 165. Glock 26, ndugu yake mdogo, ni milimita 137. Ukikosea kinundu kwa milimita 1 tu, kwenye mita 10 ile kubwa inakupeleka pembeni sentimita 6 hivi, ndogo inakupeleka zaidi ya 7. Hiyo tofauti si kubwa sana, unaona? Mtutu mfupi wenyewe hautawanyi risasi. Kinachoharibu ni uzito: pistole ni nyepesi, gashete yake, pale kidole kinavuta kufyatua, mara nyingi ni nzito, basi kidole kikivuta kwa nguvu kinahamisha silaha yote pamoja nacho.

Na mpini ni mfupi, kidole cha mwisho kinakosa mahali. Watu wanakiacha kinaelea, halafu wakati wa kufyatua kinajikunja chenyewe, vidole vingine vinakifuata, mdomo wa mtutu unashuka. Mimi nakikunja chini ya sharjeri, ile kasha ya risasi inayoingia ndani ya mpini, nakibana pale kabla sijaanza kulenga, kisikae bila kazi. Mkono wa kulia upande juu kabisa nyuma ya mpini, lakini angalia kulasi, ule mfuniko wa juu unaorudi nyuma, usikuchane ngozi katikati ya kidole gumba na cha shahada. Mkono wa kushoto ndio unabana sana, unajaza ile nafasi tupu ya mpini, vidole gumba vyote viwili vinatazama mbele. Mkono wa kulia ukibana kupita kiasi kidole cha gashete kinakuwa kigumu kama mti, hakiwezi tena kutembea peke yake. Kifundo cha mkono kikaze pia, juu pistole ndogo ukiishika legelege kulasi hairudi mpaka mwisho na inakwama, halafu unasema risasi ni mbaya.

Hapa kwenye gashete ndipo nataka ukae sana. Weka nyama ya ncha ya kidole, vuta kuja nyuma moja kwa moja, polepole, bila kujiambia "sasa". Macho yakae kwenye kinundu cha mbele kionekane wazi, karatasi iwe ukungu kidogo, ni sawa. Kinundu kitatikisika, mkono wa mtu aliye hai unatikisika, wewe endelea kuvuta. Anayengoja kitulie kabisa ndiye anaishia kunyakua gashete kwa haraka akiona kimepita katikati, na hiyo ndiyo risasi ya chini kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia.

Zoezi la nyumbani ni silaha tupu, na hapa sicheki na mtu. Toa sharjeri, vuta kulasi, tazama chemba, pale risasi inakaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho halafu ingiza kidole uguse. Risasi zote ziende chumba kingine. Lenga ukuta mnene wa matofali ambao nyuma yake hakuna mtu wala lupango (kiwanja) ya jirani, na ukimaliza zoezi limekwisha, usirudie "moja tu ya mwisho" baada ya kuweka risasi, ajali nyingi zinatokea hapo. Moniteri wangu, mwalimu wa shabaha, alikuwa anasimamisha sarafu juu ya kinundu cha mbele, sisi hapa sarafu hatunazo tena, noti tu, basi natumia ganda tupu la risasi, nalisimamisha juu ya kulasi karibu na mbele. Vuta gashete. Ganda likianguka, kidole kimesukuma. Dakika chache kila jioni zinakusaidia kuliko kuchoma sanduku nzima la risasi siku moja, na risasi unajua bei yake.

Uwanjani, mwombe mwenzako akujazie sharjeri akichanganya risasi ya kweli na ya bandia, wewe usijue zinafuatana namna gani. Ikifika ya bandia hakuna mlio, na pale utaona mdomo wa mtutu unainama wenyewe, mkono umeogopa kabla ya kelele. Hakuna maneno ya moniteri yanayoonyesha hofu wazi namna ile. Ukiiona, rudi kufyatua tupu mara kadhaa, kisha endelea. Vaa vizuizi vya masikio siku zote, na miwani. Masikio yakiumizwa na mlio mkono unazidi kuogopa.

Tena usidhani risasi ndogo ina teke ndogo. Walther PPK, au zile Browning za zamani za milimita 7,65 kutoka Herstal, Ubelgiji, mtutu umekaa palepale na ni uzito wa kulasi na springi tu vinavyozuia, ndiyo maana zinapiga mkono kwa ukali kuliko unavyotegemea. Na soma maandishi kwenye mtutu: milimita 9 fupi na milimita 9 Parabellum, ambayo ni ndefu zaidi, si risasi moja.

Kwa umbali, anzia mita 3, karatasi nyeupe isiyo na alama, risasi 5 polepole, pumzika, tazama. Zikiingia zote ndani ya kiganja chako, nenda mita 5, kisha 7. Zikianza kutawanyika sogea tena karibu, kwenye umbali wa kabla, na mkono ukichoka funga siku hiyo hata kama risasi zimebaki.