Unaanza kazi kwenye mashine za mbao? Soma hii kabla hujagusa swichi

Vijana wanaoingia karakana za mbao hapa Kampala, Ndeeba, Bwaise, Nsambya, wanafundishwa kupima na kupasua basi. Hakuna anayekaa nao awaambie siku msumeno ukikushika kinafuata nini, na siku hiyo mtu anapoteza kidole na haki yake kwa pamoja.

Kwanza mashine yenyewe. Msumeno wa meza mara nyingi unaumiza kwa sababu ubao umerudi, yaani mbao hasa kalitusi mbichi ukiipasua inajibana nyuma ya bladi, bladi inaikamata inakurushia wewe, na mkono uliokuwa unasukuma unaingia kwenye meno. Ndio maana kuna kile kipande cha chuma kinachosimama nyuma ya bladi, na kifuniko juu yake. Karakana nyingi wameving'oa ati vinachelewesha kazi. Uliza viko wapi siku ya kwanza kabisa, maana ukishazoea hutauliza tena. Ubao mwembamba sukuma kwa kijiti, na usisimame kwenye mstari wa bladi. Glavu vua, bladi ikishika uzi inavuta kiganja chote.

Halafu umeme. Unakatika katikati ya kazi, watu wanaenda chai, swichi imebaki imewashwa, mtu anarudi kufuta vumbi kwenye bladi na umeme nao unarudi saa hiyo hiyo. Zima, chomoa plagi, ndio uende. Hii nitairudia mpaka mnichoke.

Mtu akikatwa, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono juu, vua pete kabla vidole havijavimba. Msiweke mafuta ya taa wala majani ya kahawa. Kidole kikikatika kabisa kifungeni kwenye kitambaa safi chenye unyevu, tieni kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kaveera ndio mweke kwenye maji ya barafu, kidole kisiguse barafu. Nendeni nacho hospitali, na sindano ya pepopunda asiikose.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanaangukia. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya Uganda inataka umjulishe mwajiri ajali mapema, ndani ya mwezi mmoja. Usitegemee kwamba bosi alikuwepo akaona, andika, hata WhatsApp, taja tarehe, saa, mashine na nani alishuhudia, tunza karatasi za daktari. Huna mkataba wa maandishi? Makubaliano ya mdomo nayo ni ajira, na meseji za mobile money za mshahara zinakusaidia kuthibitisha. Kisha nenda kwa afisa wa leba wa wilaya yako.

Utaambiwa ni uzembe wako. Sheria hiyo inasema fidia inalipwa hata kama mfanyakazi alizembea, kwa hiyo usikubali kunyamazishwa na neno hilo. Usisaini karatasi ya "tumemalizana" ukiwa bado na bandeji na laki mbili mkononi. Hesabu inakwenda hivi: ulemavu kamili wa kudumu ni mapato ya miezi 60, ulemavu wa sehemu unalipwa asilimia ya hiyo. Anayepata 400,000 kwa mwezi, miezi 60 ni milioni 24, daktari akimpa asilimia 10 ni milioni 2.4. Matibabu ni ya mwajiri pia.

Na nyinyi mabosi, nawaheshimu, najua mbao zimepanda na wateja wanakopa. Lakini bima ya wafanyakazi ni lazima kisheria, na sheria ya usalama kazini ya 2006 inataka sehemu hatari za mashine zifunikwe na vifaa vya kujikinga mtoe nyinyi, bure, bila kumkata mtu mshahara. Kifuniko cha bladi mafundi wa Katwe wanaweza kukichomelea, na ile swichi isiyojiwasha yenyewe umeme ukirudi ipo madukani, iulizieni.