Jeli, poda au akriliki: kabla ya kuuliza itadumu wiki ngapi, uliza itatokaje

Muulizaji ameeleza kwamba kucha zake ni laini na hukatika zikianza tu kurefuka, kwamba mikono yake hushinda majini kwa sababu ya kazi, naye anataka kujua ni kipi kinachodumu zaidi kati ya rangi ya jeli, poda ya kuchovya na akriliki. Nimetumia zote tatu kwa miaka kadhaa, pamoja na jeli ya kujengea ambayo hakuitaja, na kwa maoni yangu idadi ya wiki ni jambo la pili. La kwanza ni namna kitu hicho kinavyoondolewa, maana uharibifu mwingi niliouona kwenye kucha zangu na za wenzangu ulitokea siku ya kutoa, si siku ya kupaka.

Rangi ya jeli hupakwa kwa brashi kama rangi ya kawaida, ila haikauki kwa hewa. Hubaki majimaji hadi vidole viingizwe chini ya taa ya miale ya urujuanimno, ambayo huamsha kemikali maalumu iliyomo ndani yake na kuifanya igande. Taa za LED huchukua takriban sekunde 30 hadi 60 kwa kila tabaka, ilhali taa za zamani za balbu huhitaji dakika mbili hivi. Ikipakwa vizuri hukaa wiki mbili, pengine tatu, bila kupoteza mng'ao. Kasoro yake kwa mwenye kucha laini ni kwamba tabaka lake ni jembamba na hunyumbulika pamoja na ukucha. Huupa ulinzi kiasi, lakini ukucha uliozoea kukatika utakatika pamoja na rangi yake.

Poda ya kuchovya haihitaji taa. Ukucha hupakwa gundi ya sianoakrileti, ambayo ni ya jamii moja na zile gundi kali za nyumbani, kisha huchovywa kwenye poda laini, na mwishoni hupakwa kimiminika kinachoigandisha. Hudumu wiki tatu hadi nne na ni ngumu kuliko rangi ya jeli. Nisichokipenda ni kile kikopo kimoja kinachoingizwa vidole vya kila mteja. Fundi makini huimwagia poda juu ya ukucha kwa kijiko kidogo, au humtengea kila mteja poda yake, na asiyefanya hivyo unaweza kumwomba afanye bila kuona haya.

Akriliki ni mchanganyiko wa kimiminika na poda unaogandana wenyewe, na ndiyo yenye ile harufu inayokupokea mlangoni mwa saluni. Ikiwa unataka urefu mkubwa au umbo ambalo kucha zako haziwezi kulifikia, bado nadhani ina nafasi yake, mradi ukubali kurudi kila baada ya wiki mbili au tatu ili fundi ajaze sehemu iliyoota karibu na shina. Hata hivyo, ugumu wake una gharama: ukijigonga mahali kwa nguvu, akriliki inaweza kukataa kuvunjika na badala yake ikaung'oa ukucha wako mwenyewe. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi pale fundi anapotumia kimiminika cha bei nafuu kiitwacho MMA (methili methakrileti) badala ya EMA (ethili methakrileti), kile kinachokubalika zaidi kwa kucha. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilichukua hatua dhidi ya bidhaa zenye MMA tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya watumiaji kulalamikia madhara, na majimbo mengi ya nchi hiyo yamepiga marufuku matumizi yake saluni, lakini bado haijatoweka sokoni. Dalili zake ni harufu kali isiyo ya kawaida, ugumu unaoishinda tupa, na kutolainika hata baada ya kuloweshwa asetoni, kile kimiminika cha kutolea rangi ya kucha, kwa muda mrefu.

Kwa hali aliyoieleza muulizaji, mimi ningechagua jeli ya kujengea. Ni nzito kuliko rangi ya jeli, nayo hugandishwa kwa taa ileile, lakini fundi huipanga kwa namna ambayo unene huwa zaidi katikati ya ukucha, mahali panapobeba msukumo, na huwa mwembamba kingoni. Kucha zangu, ambazo nazo hazikuwahi kuvuka ncha ya kidole bila kupasuka, zilianza kurefuka chini ya kinga hiyo. Ulizeni kwanza ni ya aina gani, kwa kuwa ipo inayolainishwa kwa asetoni na ipo ngumu isiyolainika kabisa, ambayo hupunguzwa kwa tupa tu. Vilevile jeli hutoa joto inapoganda. Ikipakwa nene mara moja utahisi inaunguza, na hapo toa mkono kwenye taa bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Sasa nirudi kwenye kutoa. Ukucha wa mkononi huota takriban milimita tatu kwa mwezi, na huchukua kama miezi minne hadi sita kujibadilisha wote kuanzia shina hadi ncha. Maana yake ni kwamba ukucha uliokwanguliwa ukabaki mwembamba kama karatasi hautarudishwa na mafuta wala dawa; utasubiri uote. Njia salama ni kuondoa mng'ao wa juu kwa tupa, kuweka pamba yenye asetoni, kufunga kwa karatasi ya foili na kukaa dakika 10 hadi 15, kisha kusukuma polepole kwa kijiti cha mbao. Sehemu inayogoma hufungwa tena. Nimewahi kukaa mbele ya fundi mwenye foleni ndefu aliyeona ni bora kubandua kwa nguvu kuliko kusubiri, na pamoja na rangi yalitoka matabaka ya juu ya ukucha. Siku hizi huuliza jinsi wanavyotoa kabla sijaketi, na jibu hilo hunieleza mengi kuhusu saluni kuliko picha zilizobandikwa ukutani.

Jambo jingine linalostahili uzito ni mzio. Bidhaa za jeli na akriliki zina kemikali za jamii ya akrileti, mojawapo ikiwa HEMA, ambazo zikigusa ngozi kabla hazijaganda sawasawa zinaweza kuleta muwasho, malengelenge, hata ukucha kuachana na nyama yake. Mzio huo ukishaingia kwa kawaida haukuachi, na kemikali za jamii hiyo hutumika pia katika vijazio vya meno na saruji ya mifupa, hivyo athari yake inaweza kuvuka mipaka ya urembo. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kwamba bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na wataalamu pekee. Anayejipaka nyumbani atumie taa inayolingana na jeli yake, na asiruhusu jeli iguse ngozi hata kidogo. Kuhusu miale ya taa yenyewe, madaktari wa ngozi hushauri kupaka krimu ya kukinga jua au kuvaa glavu zilizokatwa vidole. Ni rahisi, nami hufanya hivyo.

Kwa kuwa muulizaji hushinda majini, avae glavu kazini na akague kingo za kucha mara kwa mara. Mahali palipoachia huingiza maji, unyevu hubaki umefungiwa, na bakteria wanaweza kuacha doa la kijani. Hapo hakuna kupaka rangi juu yake: kila kitu kitolewe, ukucha ukauke, na doa likiendelea amwone daktari. Asipopata fundi anayeijua vizuri jeli ya kujengea, basi achukue rangi ya kawaida ya jeli juu ya kucha fupi, aitoe baada ya wiki mbili hata kama bado inang'aa, na aiache akriliki hadi kucha zake zitakapokuwa imara.