Re: Polo ofisini inakubalika?

Mkuu, umeuliza kama fulana ya polo inafaa kwenye ofisi iliyosema tu "nadhifu, tai si lazima". Inafaa, ila si kila polo.

Kinachoangusha wengi ni kola. Ile laini, ikifuliwa mara kadhaa, ncha zinajikunja, na hapo hata suruali iwe nzuri vipi haikuokoi. Tafuta ya pamba iliyofumwa kwa mtindo wa pike, wenye vitundu vidogo vidogo: inapitisha hewa na haigandi mwilini. Asili yake ni michezoni. René Lacoste, mchezaji tenisi wa Ufaransa, alivaa ya aina hiyo kwenye mashindano ya tenisi ya Marekani mwaka 1926, wakati wenzake wakicheza na mashati ya mikono mirefu. Kwa hiyo ofisini inahitaji kusaidiwa kidogo.

Chagua rangi moja iliyotulia, bluu iliyokolea au kijivu, uchomekee kwenye kadeti au suruali ya kitambaa, na viatu vya ngozi. Mshono wa bega ukae begani kweli, usiteremke mkononi. Nembo kubwa kifuani, hapana. Ukiongeza jinzi na raba, hiyo tena ni Jumamosi.

Siku ya usaili au ya kukutana na mteja mpya, vaa shati tu. Wiki ya kwanza kazini pia, mpaka uone bosi anavaaje.

Halafu pasi, jamani! Polo nayo hupigwa pasi, hasa kola na sehemu ya vifungo.