Kabla Hujalipia Tona, Inamisha Lebo

Watu wengi huniuliza namna ya kuitambua tona feki, yaani wino wa unga wa printa ulioghushiwa, na karibu wote huanza kwa kunionyesha stika inayometameta kwenye boksi. "Kaka, hii ina hologramu, si ni orijino?" Huwa nawajibu kwamba kumetameta hakuthibitishi chochote. Swali la kuuliza ni hili: ukiliinamisha boksi, ile lebo inafanya nini?

Nina steshenari hapa Dar es Salaam. Tunatoa fotokopi, tunaprinti, tunalaminisha, tunafunga ripoti za wanachuo. Katika gharama zote za duka, tona ndiyo inayouma zaidi, na tona feki inauma mara mbili. Haiishii kutoa maandishi yaliyofifia. Inamwaga unga ndani ya printa, inaacha mistari kwenye kila karatasi, na mara nyingi printa inakwenda kulala kwa fundi wiki ileile ambayo wanachuo wamejipanga mlangoni na ripoti zao. Ndiyo maana nimejifunza kuzisoma lebo hizi kwa makini, na ninachoandika hapa ndicho ninachokifanya kila ninapokwenda kununua mzigo Kariakoo.

Kila mwenye mashine ya fotokopi ameshaona jambo hili hata kama hakuliwazia. Mteja akileta cheti au kadi yenye hologramu, maandishi yote yanatoka vizuri kwenye nakala, lakini pale penye hologramu panatoka doa jeusi au la kijivu. Mashine si mbovu. Inamulika karatasi kutoka upande wake na kuupokea mwanga unaorudi kwenye pembe moja tu. Wino wa kawaida hautaabiki, kwa sababu unatawanya mwanga pande zote. Uutazame ukiwa umesimama au umeketi, nyekundu ni nyekundu. Hologramu ya kwenye lebo haitegemei wino. Ni plastiki nyembamba yenye utando wa alumini, na juu yake pamegandamizwa vijistari vidogo sana, vimeachana kwa takriban sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwanga ukivigonga, kila rangi inaondoka kwa pembe yake. Chukua CD ya zamani uigeuze chini ya taa: ule upinde wa mvua unatokana na jambo lilelile, maana mizunguko ya CD imeachana kwa mikromita 1.6 tu.

Kwa hiyo lebo ya namna hii imebeba maelekezo ya wapi mwanga uende, na nakala inabeba kile tu kilichoonekana kutoka sehemu moja. Tofauti hiyo ndiyo kinga yenyewe. Aliyeianzisha elimu hii ya hologramu ni Dennis Gabor, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Uingereza. Mwaka 1947 alikuwa anatafuta njia ya kuboresha hadubini ya elektroni, wala hakuwa akiwaza bidhaa bandia. Wazo lake likakaa likisubiri mwanga unaofaa mpaka leza ilipopatikana mwaka 1960, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Baadaye watu wakajua kugandamiza hologramu kwa bamba la chuma, maelfu kwa maelfu, kwa bei ndogo, na mwaka 1983 MasterCard wakaanza kuziweka kwenye kadi zao.

Sasa tuje dukani.

Kwanza, toka nje. Maduka mengi ya Kariakoo yana taa nyingi za tyubu, na mwanga unaotoka pande nyingi kwa pamoja unazivuruga picha za hologramu, kila kitu kinaonekana rangi rangi tu. Lebo feki inapenda sana mwanga wa aina hiyo. Unahitaji mwanga mmoja unaotoka sehemu moja: jua, au tochi ya simu. Mimi humwambia muuzaji, "Mzee wangu, naomba nisogee nalo hapo mlangoni nilione vizuri." Sijawahi kuona muuzaji mwaminifu akikasirikia ombi hilo. Anayeanza kusema "wewe huniamini?" mshukuru kwa upole, mrudishie boksi lake, nenda duka la pili.

Pili, inamisha polepole, na ujue unatafuta nini. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanaligeuza boksi mara moja, wanaona rangi zimebadilika, wanaridhika. Rangi kubadilika ni kitu chepesi. Karatasi za kufungia zawadi nazo hubadilika rangi. Kilicho kigumu kuigiza ni mwendo. Chukua tona za HP, ambazo ndizo nyingi madukani kwetu. Lebo yao ya usalama kwenye boksi ina neno OK na alama ya tiki. Ukiliinamisha boksi kwa mbele na nyuma, OK na tiki zinakwenda pande tofauti, moja huku nyingine kule. Ukiliinamisha kushoto na kulia, zinakwenda pamoja upande mmoja. Feki nilizowahi kuzishika zilikuwa na OK nzuri, tiki nzuri, rangi za kupendeza, ila havikusogea. Vilikuwa vimechapwa juu ya karatasi ya kung'aa, basi.

Kwa chapa nyingine usikisie. Kampuni zinazoweka lebo hizi huwa zinaeleza kwenye tovuti zao lebo inapaswa kufanya nini ikigeuzwa. Soma hayo nyumbani, kabla ya kupanda daladala. Ukifika dukani bila kujua unachokitafuta, muuzaji ndiye atakayekufundisha, na somo lake litafanana na bidhaa yake.

Kuna stika nyingine nataka niziseme kwa mkazo: zile ndogo za mviringo au za fedha zilizoandikwa ORIGINAL, GENUINE, au 100%, bila jina la kampuni yoyote. Hizo zinauzwa kwa rola. Mtu yeyote anaweza kuagiza, na hata akitaka jina lake liwekwe atawekewa. Ni hologramu za kweli kabisa kwa maana ya fizikia, lakini hazimsemei mtu. Nikiiona kwenye boksi la tona, betri ya simu au chaja, wasiwasi wangu unaongezeka badala ya kupungua. Mwenye chapa anaweka jina lake au alama yake mwenyewe.

Ndugu zangu wa mikoani mnaoagiza kwa WhatsApp na kupokea mzigo kwa basi, hili linawahusu zaidi. Picha ya lebo haina maana yoyote. Picha ni pembe moja, sawasawa na ile fotokopi inayotoa doa jeusi. Omba video, mtu akiwa ameshika boksi, tochi imewaka, analiinamisha polepole mbele na nyuma kisha kushoto na kulia. Mwambie pia aonyeshe namba ya boksi katika video hiyohiyo bila kukata, na mzigo ukifika ulinganishe namba. Ni usumbufu, najua. Lakini ukishatuma pesa, na boksi limeshatoka stendi, huna tena nguvu uliyokuwa nayo kabla ya kutuma.

Hata lebo ikipita mtihani wote, jiulize inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba lebo ni ya kweli. Haijui kilichomo ndani. Katriji, yaani kasha la tona, iliyojazwa upya inaweza kurudishwa kwenye boksi halisi lenye lebo halisi, lililookotwa nyuma ya ofisi fulani. Ndiyo maana huangalia pia kama gundi ya boksi imefunguliwa na kubandikwa tena, kama lebo ina mikunjo au kona zilizonyanyuka, kama mfuko wa ndani umefungwa na kiwanda. Lebo nzuri hutengenezwa ili ichanike au iache alama ikibanduliwa. Ukiona imekaa upande au imepita juu ya selotepu, usiendelee.

Hili si jambo la tona peke yake, na kwingine gharama yake ni uhai. Huko Asia ya Kusini-Mashariki, kampuni ya Guilin Pharmaceutical ya China ilikuwa ikiweka hologramu kwenye pakiti za artesunate, dawa ya malaria ambayo sisi tunaijua vizuri thamani yake. Wachunguzi walioshirikiana na INTERPOL walikusanya pakiti 391 kutoka Vietnam, Kambodia, Laos, Myanmar na mpaka wa Thailand, na matokeo yakatoka mwaka 2008: karibu nusu zilikuwa bandia. Walikuta aina 16 za hologramu za kughushi, zingine za kitoto, zingine zimetengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu. Mgonjwa au mama mwenye mtoto anayechemka homa angewezaje kuzitofautisha dirishani? Hatimaye waliifuatilia asili ya baadhi ya dawa hizo kusini mwa China kwa kuchunguza kemikali, madini na hata chavua za mimea zilizokuwa ndani ya vidonge. Nikisoma habari ile naumia kila mara. Na inanikumbusha kwamba lebo ikishazoeleka, wahalifu nao huisoma.

Watafiti wameliona hilo, ndiyo maana wamehamia kwenye alama ambazo hata mtengenezaji mwenyewe hawezi kuzirudia. Mwaka 2002 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walichanganya vishanga vidogo vya kioo kwenye gundi inayoganda, wakaimulika kwa leza. Mwanga ukapita ukigongagonga humo na kutoa madoa yasiyofanana na ya kipande kingine chochote. Mwaka 2005 wenzao wa Imperial College London wakaonyesha kwamba hata karatasi ya kawaida inatosha. Nyuzi zake zimelala ovyo, na leza ikipita juu zinatoa mchoro wa peke yake, kama alama ya kidole. Waliikunja karatasi ile, wakailoweka, wakaioka, na bado iliweza kutambuliwa. Mimi ninayeshika karatasi kutwa nzima, habari hiyo ilinifanya nizitazame rimu zangu kwa heshima mpya. Ila njia hizo zinahitaji kifaa cha kusomea na kumbukumbu iliyohifadhiwa mahali, kwa hiyo pale dukani kwa sasa bado tunategemea macho, tochi na mkono unaoinamisha.

Msimbo wa QR nao una nafasi yake, lakini usiuchanganye na hologramu. Ni wino tu; mashine yangu inaweza kuutoa mara elfu moja na kila nakala ikasomeka. Nguvu yake iko kwenye mfumo ulio upande wa pili. Kwa hiyo ukiskani, soma kwanza anwani iliyofunguka, uhakikishe ni ya kampuni yenyewe, si tovuti iliyotengenezwa ifanane nayo. Stempu za kodi za kielektroniki za TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, zilizoanza mwaka 2019 kwenye vinywaji na sigara, unaweza kuzihakiki kwa programu yao ya Hakiki Stempu. Nazo zina lake la kusema: zinahusu kodi ya bidhaa ile. Hazikwambii ladha wala ubora wake.

Ukishanunua, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la bidhaa, si "vifaa vya ofisi". Ukifika dukani kwako ukagundua lebo haisogei, usifungue mfuko wa ndani na usiipachike kwenye printa "kujaribu tu". Ipige video, rudisha na risiti. Muuzaji akigoma, kwa Tanzania bidhaa bandia ziko chini ya Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa. Kwa wenzetu wa Kenya ni Anti-Counterfeit Authority, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Toa taarifa hata kama hela ni ndogo, kwa sababu boksi lile lina ndugu zake stoo.

Na tona ikiisha, usitupe boksi zima na lebo yake. Kuna watu wanaokusanya maboksi matupu maofisini na kwenye steshenari, na yaliyo safi yana soko. Chukua kisu cha karatasi, kata lebo katikati, chana na kifuniko cha boksi, ndipo ulitoe nje. Vijana wangu dukani wanafanya hivyo kabla ya kufagia jioni, na naomba nawe uwaelekeze wako wafanye hivyo.