Pima Menyu ya Kompyuta kwa Macho Yako

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Nimekuza maandishi ya kompyuta yangu, sasa menyu ya Start inafunika karibu skrini nzima na programu hazienei. Nifanyeje?" Nilimjibu kwa mistari mitatu. Baadaye nikaona haitoshi, maana swali lake limenirudisha kwenye kosa langu ambalo mpaka leo linaniuma.

Kwenye Windows 10 nilizoea kushika ukingo wa menyu kwa kipanya na kuuvuta, kwenda juu au pembeni, hadi itoshe ninavyotaka. Vigae, yaani vile vijisanduku vya programu ndani ya menyu, nilivipanga mwenyewe, vya kazi kushoto, vingine kulia. Mwaka 2021 ikaja Windows 11, na menyu iliyokaa katikati kama mgeni rasmi, ukiivuta haivutiki. Macho yangu hayaelewani na maandishi madogo. Siku moja mwenzangu kazini alipita nyuma yangu, akanikuta nimesogeza uso mpaka pua inakaribia kioo, akasema kwa sauti kwamba huyu sasa atafutiwe fimbo ya kutembelea. Watu wakacheka. Sikumjibu, ila jioni ile niliapa kwamba kila kitu kwenye skrini ile kitakua, kipende kisipende.

Nikaingia kwenye rejista, yaani ghala la ndani ambamo Windows inatunza mipangilio yake. Wakati ule yalikuwa yamesambaa maelekezo kwamba ukiongeza thamani iitwayo TaskbarSi na kuipa namba 2, upau wa chini unakuwa mkubwa. Ni kweli, ulikua. Aikoni zilinenepa, lakini saa na tarehe zikakatika, tarakimu za chini zikazama nje ya skrini. Ningerudisha namba iwe 1, yangeisha. Badala yake nikaanza kufuta vitu nisivyovijua kwenye folda ya rejista yenye thamani hiyo, nikijidanganya kwamba nasafisha. Nilipowasha upya, nabofya Start, kimya. Nabofya tena, kimya. Na asubuhi nilikuwa na kazi ya kukabidhi! Kilichoniokoa ni kufungua akaunti mpya ya mtumiaji kwenye mashine ileile, kwa sababu nilichoharibu kilikuwa mipangilio ya akaunti yangu peke yake. Mafaili yalipona. Mpangilio nilioujenga kwa muda mrefu ulipotea wote.

Kwa hiyo kama ni lazima uguse rejista, toa nakala kwanza. Ndani ya regedit, programu ya kuhariri rejista, chagua folda unayotaka kuibadilisha, nenda File, kisha Export, uihifadhi. Ukiharibu, unalibofya faili lile mara mbili na thamani ulizozibadilisha zinarudi. Nasema tena: nakala kwanza.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba dawa niliyoihangaikia ilikuwa ndani ya Mipangilio (Settings) muda wote. Kuna mahali pawili, na watu wengi wanapachanganya. Ukienda System, kisha Display, utakuta Scale: hiyo inakuza kila kitu kwa pamoja, yaani herufi, aikoni, madirisha na menyu yenyewe. Ukienda Accessibility, kisha Text size, utakuta kitelezi kinachoanzia asilimia 100 hadi 225, na hicho kinakuza herufi tu. Nilimuuliza msomaji wangu Scale yake iko wapi. Akasema asilimia 175, kwenye kompyuta mpakato ndogo. Hapo menyu itaachaje kujaa? Nikamwambia airudishe 125, halafu asogeze kitelezi cha maandishi polepole, akisoma jina la programu kila anapokisogeza, na asimame pale anapoweza kusoma bila kukunja uso.

Kisha punguza vilivyomo. Bofya programu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Unpin ili itoke kwenye menyu, na usikionee huruma kitu ambacho hujakifungua mwezi mzima. Mimi nilibakiza programu tisa. Kama unataka menyu irudi kushoto, iko kwenye Personalization, kisha Taskbar, sehemu ya mpangilio wa upau. Hiyo ni kazi ya dakika moja.

Leo kazi zangu nyingi nazifanya kwenye Linux Mint, mfumo mwingine wa kompyuta badala ya Windows, wenye mazingira ya skrini yaitwayo Xfce, na nakiri najivunia menyu yangu ya huko. Inaitwa Whisker Menu. Ukibofya kulia juu ya aikoni yake na kuchagua Properties, unapangiwa chaguo moja moja: ukubwa wa aikoni za programu, ukubwa wa aikoni za makundi, hata kiasi ambacho mandharinyuma inapitisha picha ya nyuma yake. Hapo napo nilijikwaa. Niliona picha za watu wenye menyu zinazong'aa kama kioo, nikashusha mandharinyuma hadi karibu ipotee. Nyuma yake nilikuwa na picha ya msitu. Majina ya programu yakawa yanaogelea kwenye majani, nikitafuta kihariri cha maandishi nafungua kikokotoo.

Ndugu zangu, acheni kunakili skrini za watu. Yule aliyepiga picha ile hakai kwenye kiti chako na hatumii macho yako. Anza na kusoma, kisha kufikia kwa mkono, urembo uje mwisho kabisa. Na yeyote atakayekucheka kwa sababu herufi zako ni kubwa, mwache acheke. Kazi ni yako, macho ni yako.

Nami mandharinyuma yangu sasa imeziba kabisa, rangi ya kijivu iliyokolea, herufi nyeupe. Mgongo umeegemea kiti, na jina la kila programu nalisoma nikiwa hapohapo.