Mwanangu, Kijerumani Kitakufikisha Mpakani

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na swali lako nimelisoma pamoja na mama yako. Unasema hospitali ya Nijmegen, huko Uholanzi, iko tayari kukuchukua, ila lazima kwanza uthibitishe Kiholanzi ndipo uandikishwe kwenye rejista yao ya wauguzi, ile wanayoiita BIG. Kijerumani unacho, na wenzako wa wodini hapo Kleve, upande wa Ujerumani, wanakuambia usihangaike: Kiholanzi si lugha, ni Kijerumani cha vijijini kilichokorogwa na Kiingereza. Unaniuliza kwa kuwa nilikaa Hamburg na Rotterdam enzi zangu za ubaharia: ni kweli, na je, miezi michache itatosha?

Kuhusu lugha yenyewe, wenzako wanapotosha. Kuhusu miezi, huenda wakawa sawa, kwa sharti nitakalokuambia.

Wewe umelelewa na baba wa Tanga na mama wa Mombasa. Mimi nikisema njia, mama yako husema ndia. Njaa yangu kwake ni ndaa, njoo yangu ni ndoo, macho yangu ni mato, na mchele wangu akiupika yeye huwa mtele. Hakuna aliyekukalisha chini kukufundisha kanuni, lakini sikio lako lilijua mapema kwamba penye nj ya huku mara nyingi kule pana nd, na penye ch pana t. Basi Kijerumani na Kiholanzi vimekaa vivyo hivyo. Yapata miaka 1,500 iliyopita, watu wa kusini, upande wa milima ya Alps, walianza kuzigeuza konsonanti zao. P ikawa pf au f. T ikawa ss, au ile ts ambayo Wajerumani huiandika z. K ya katikati na mwisho wa neno ikawa ch. Mageuzi hayo yakapanda kuelekea kaskazini, yakipungua nguvu kadiri yalivyokwenda, na yakakoma kabla ya kufika pwani. Waholanzi hayakuwagusa. Ndiyo maana "Wasser" yako kwao ni "water", "Apfel" ni "appel", "Zeit" ni "tijd", "schlafen" ni "slapen", "machen" ni "maken", "Buch" ni "boek". Na t nyingi za Kijerumani utazikuta kwao zikiwa d: "Tag" ni "dag", "Tür" ni "deur", "Tochter" ni "dochter", "trinken" ni "drinken".

Zishike hizo na utaweza kufungua gazeti la Nijmegen wiki hii hii ukajua habari inahusu nini. Kwenye kusoma, egemea Kijerumani chako bila haya.

Wataalamu wa lugha wamechora hata mstari kwenye ramani. Unaukata mto Rhine hapo Benrath, mtaa wa Düsseldorf: kusini yake husemwa "machen", kaskazini "maken". Sasa tazama Kleve iko wapi. Iko kaskazini ya mstari, kwenye upande wa Waholanzi! Kijerumani unachofanyia kazi ni cha shuleni na serikalini. Lahaja ya asili ya mahali hapo ni nyingine. Wakija wodini wazee wa mashambani wakazungumza Platt, hiyo lahaja yao ya asili, wenyewe kwa wenyewe, usiwapite. Wasikilize. Wanachokisema kiko karibu na Nijmegen kuliko na München ya kusini. Kwa hiyo mwenzako anayekuambia Kiholanzi ni Kijerumani cha vijijini, huenda bibi yake mwenyewe alikuwa anazungumza kitu kinachofanana zaidi na Kiholanzi. Mwambie hivyo kwa adabu.

Bandarini Hamburg nilikuta makuli wazee waliokuwa wakisema Platt ya kule kwao, na baharia wa Rotterdam aliweza kukaa nao akapiga soga, kila mmoja kwa lugha yake, bila mkalimani. Mjerumani wa Bavaria, mtu wa kusini, aliyekuwa nasi melini alibaki akiwakodolea macho.

Kilichozitenga lugha hizi mbili ni vitabu na wafalme. Luther, yule wa Walutheri, alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522 na Biblia nzima mwaka 1534, na lugha yake ikaenea hata kaskazini, ambako watu walikuwa wakisema na kuandika vingine kabisa. Waholanzi walikuwa vitani na mfalme wa Hispania. Wakapata Biblia yao rasmi mwaka 1637, na mwaka 1648 mkataba wa amani ukawatambua kuwa dola yao wenyewe. Kleve nayo ikaangukia mikononi mwa watawala wa Brandenburg, wale waliokuja kuwa dola ya Kijerumani ya Prussia. Hata hivyo Kiholanzi kiliendelea kuandikwa na kuhubiriwa huko hadi karne ya 19, Prussia ilipokisukuma nje. Mpaka ndio ulioamua nani anasema nini. Babu yako hapa Tanga aliwaita Wajerumani Wadachi, jina walilojiita wenyewe, "Deutsch". Waingereza neno hilo hilo, "Dutch", wakawabandika Waholanzi. Hata majina yao yalichukua muda kutengana.

Haya, tuje kwenye kazi. Utakaloshukuru kwanza ni kwamba Kiholanzi kimeutua ule mzigo wa vijineno vya mbele ya nomino, "der, den, dem, des", uliokutoa machozi mwaka wako wa kwanza. "Mit dem Mann", pamoja na mwanamume, na "für den Mann", kwa ajili ya mwanamume, kwao ni "met de man" na "voor de man", basi, yameisha. Mabaki yamebaki kwenye majina ya miji na misemo ya kale: 's-Hertogenbosch, yaani msitu wa mtawala wao, 's morgens, yaani asubuhi. Jinsia tatu za nomino zimekuwa makundi mawili, "de" na "het". Lakini usishangilie sana. Ipi ni ya "het" utaikariri. Kijerumani kitakusaidia, kwani neno lenye "das" mara nyingi huangukia kwenye "het": "das Haus", "het huis", "das Wasser", "het water". Na herufi kubwa mwanzoni mwa kila nomino ziache mpakani.

Mpangilio wa sentensi karibu ni mmoja. Kitenzi hukaa nafasi ya pili, na penye "weil" ya Kijerumani au "omdat" ya Kiholanzi, yaani kwa sababu, hukimbilia mwisho. Ishirini na nne husomwa nne kwanza, "vierundzwanzig" na "vierentwintig", kwa hiyo nambari za simu zitaendelea kukusumbua kama kawaida. Penye wakati uliopita kuna kanuni niliyoipenda, maana ni ya chombo cha baharini. Wajerumani huweka -te kwa vitenzi vya kawaida, "machte", alifanya, "hörte", alisikia. Waholanzi wana -te na -de, na ili wakumbuke ipi iende wapi hujiambia "'t kofschip", jina la jahazi lao la zamani la mizigo. Shina la kitenzi likiishia na konsonanti iliyomo ndani ya jina hilo, weka -te: "maakte". Isipokuwemo, weka -de: "hoorde". Shule nzima huvuka kwa jahazi hilo.

Matamshi yatakutesa kidogo, ingawa hapa sisi wa pwani tuna akiba. Ile g yao inayowatia kichefuchefu wageni wengi iko kwenye koo lako tangu madrasa: ni gh ya ghali na kh ya kheri. Kusini ya mito mikubwa, Noord-Brabant na Limburg, huilainisha; Amsterdam huikwaruza. Angalia sana sch. Mjerumani huifanya sh, na ndiyo maana sisi tunasema shule. Mholanzi hutenganisha s na kh. Husimuliwa kwamba mwaka 1940, Wajerumani walipovamia, Waholanzi waliwatambua majasusi kwa kuwatamkisha jina la Scheveningen, mtaa wa pwani wa Den Haag. Kisha kuna "ui" ya "huis", ambayo sina namna ya kukuandikia. Mtafute Mholanzi mmoja akutazame mdomo.

Sasa sikiliza hapa kuliko kote, kwa sababu wewe unashika watu wagonjwa. Balaa la Kiholanzi kwa mtu mwenye Kijerumani ni maneno anayodhani anayajua. Maneno mageni hayana hatari, utauliza maana.

Mgonjwa akisema "ik mag niet eten", sikio lako la Kijerumani litasikia kwamba hana hamu ya chakula, na utamsihi ale hata kijiko. Kumbe anakuambia amekatazwa kula, pengine anasubiri upasuaji. Akisema "ik durf niet op te staan", utadhani daktari amemzuia kusimama, kwa sababu "dürfen" ni ruhusa. Yeye anasema anaogopa kusimama, na anachohitaji ni mkono wako. Mwenzako akikuambia mgonjwa wa kitanda fulani ni "doof", hamtukani kwamba ni mjinga. Anakuarifu kwamba ni kiziwi. "Enkel" inayouma ni kifundo cha mguu, si mjukuu. Anayetaka "bellen" anataka kupiga simu au kengele, habweki. "Slim" ni sifa njema, mwerevu, wala si "schlimm", yaani mbaya. "Tot" ni mpaka, si mfu kama kwa Kijerumani. "Tot morgen" ni kuagana hadi kesho, kusikushtue. Na "wie" kwao ni nani, wakati kwenu ni vipi. Vipi yao ni "hoe", wapi yao ni "waar".

Mimi hili la maji lilinichekesha kila siku: "zee" ni bahari na "meer" ni ziwa, kinyume cha Kijerumani, ambacho chenyewe kina "See" mbili, moja ziwa na moja bahari, zinazotofautishwa na "der" na "die" tu. Baharia afanyeje?

Ndiyo maana sharti langu ni hili: mdomoni usibebe Kijerumani ukakipinda. Wengi hufanya hivyo. Hukata vichwa vya maneno, huchomeka "de" penye "der", na Waholanzi kwa ukarimu wao huwaelewa, kisha huwageuzia Kijerumani au Kiingereza, na hapo kujifunza kumekwisha. Nenda darasani kama mtu asiyejua kitu. Kaa na wanaoanza hata kama utachoka kusubiri, angalau mpaka vitenzi vya ruhusa na kutaka vikukae: "mogen", "moeten", "durven", "willen". Wakikugeuzia Kiingereza, wewe jibu kwa Kiholanzi, hata kibovu. Ukifanya hivyo, miezi michache unayoitaka itatosha kufanyia mazungumzo ya kazini. Mtihani ni jambo jingine, waulize wanaouendesha.

Na adabu zao zijue. "Sie" yako, ile ya kumwita mtu kwa heshima, ni "u" yao, iweke kwa wazee na kwa madaktari mpaka waseme vingine. Lakini vijana watakuita "je" siku ya kwanza, nawe wajibu hivyo hivyo, si utovu wa heshima. Tena wanapenda kudogesha kila kitu kwa -je na -tje. Sindano utakayompiga mtu itakuwa "prikje", kahawa utakayokaribishwa ni "kopje koffie". Wajerumani wana -chen, lakini hawaitumii kwa wingi hivyo.

Nitumie hayo masharti waliyokuandikia Nijmegen niyasome, maana Kiholanzi cha ofisini kina vichaka vyake. Mama yako anakusalimu na anauliza kama mshahara wa huko umeshauona kwa maandishi.

Babako