Chuma cha pwani ya Antaktika si cha barafu peke yake

Mdogo wangu, umeuliza kama chuma kilichoyeyuka kwenye maji ya pwani ya Antaktika chote kinatoka kwenye barafu, hapana aisee usikimbilie hapo. Angalia na matope ya chini ya bahari, oksijeni ikiisha ndani ya tope bakteria wanaachia chuma na manganisi (metali nyingine) vinapanda majini, halafu kule Bahari ya Amundsen, pwani ya Antaktika Magharibi, maji ya vuguvugu ya kina kirefu yanaingia chini ya barafu yanaiyeyusha, yakichanganyika yanakuwa mepesi yanapanda na chuma cha chini. Kwa hiyo pima chuma na manganisi vyote viwili, chuja maji kwa kichujio chenye matundu ya mikromita 0.2, na tafadhali sana chupa ziwe za plastiki zilizolowekwa asidi, chembe moja ya kutu ya meli ikidondokea humo sampuli imeharibika.